Kizuri Chajiuza, Lakini si Mbele ya Mwajiri wa Marekani

Kuna methali ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeifundisha kwa miaka na mikaka bila kuitilia shaka: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumewaandikisha wanafunzi insha juu yake, tukawatahini, tukawatuza alama. Mtoto aliyelelewa vyema hapa Kenya hukua akijua kwamba si adabu kujisifu, kwamba kazi yake itamsemea, na kwamba mtu anayeitangaza elimu yake kabla ya kuulizwa ni debe tupu. Mimi naiheshimu methali hiyo. Hata hivyo, kijana anayeibeba hadi Marekani na kutafutia nayo kazi baada ya masomo, pasipo kujua mipaka yake, huenda akarejea nyumbani na shahada nzuri, deni kubwa na mikono mitupu.

Nasema hivi kwa kuwa nimefundisha kwa muda wa kutosha kuwaona baadhi ya wanafunzi wangu wakivuka bahari, na barua zao, ambazo siku hizi huja kwa simu ya mkononi, zina kilio kimoja. Wameomba kazi mpaka wamechoka. Wakibahatika kuitwa, huhojiwa kwa upole, hutabasamiwa, huambiwa kwamba imekuwa furaha kukutana nao, kisha hufuata kimya cha kaburini. Nikiwaomba wanitumie nakala za barua walizoandika, naona Kiingereza sanifu, naona heshima tele, naona kila cheti kimetajwa kwa mpangilio. Nisichokiona ni mtu. Ni kana kwamba mwandishi amebisha hodi, kisha akajificha nyuma ya mlango akingoja mwenyeji atoke kumtafuta.

Watakuwapo watakaosema kwamba hilo ni tatizo la wachache waliojaliwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Nyuma ya kijana mmoja aliye Ohio au Texas pana harambee iliyofanywa kijijini, pana kipande cha shamba kilichouzwa, pana mkopo wa chama cha akiba uliodhaminiwa na shangazi ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa watu hao, kazi ya kwanza ya kijana wao ndiyo itakayoamua iwapo mdogo wake ataendelea na shule.

Safari yenyewe si ngeni kwetu. Mnamo Septemba 1959 ndege iliyowabeba wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kuelekea New York. Yalikuwa matunda ya jitihada za Tom Mboya na marafiki zake wa Kimarekani, miongoni mwao Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na mwimbaji Harry Belafonte. Mwaka uliofuata alikwenda Wangari Maathai, akasomea baiolojia katika chuo kidogo kilichoendeshwa na watawa wa kike mjini Atchison, jimboni Kansas. Vijana wa wakati ule waliondoka wakijua kwamba nchi iliyokuwa ikikaribia Uhuru ilikuwa inawangoja. Ofisi zilizoachwa na wakoloni zilihitaji watu, na wengi wao walirejea kuzikalia. Swali la jinsi Mmarekani anavyomchagua mfanyakazi halikuwakosesha wengi wao usingizi. Leo mambo yamegeuka. Ofisi za hapa zimejaa, na kijana anayehitimu ughaibuni hulazimika kwanza kuisaka kazi huko huko ili alipe alichokopeshwa.

Mwaka huo huo wa 1959, msomi wa Kimarekani aitwaye Edward T. Hall alichapisha kitabu, *The Silent Language*. Hall alikuwa amewafunza wanadiplomasia wa nchi yake waliokuwa wakienda kufanya kazi katika nchi za kigeni, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba utamaduni ni lugha inayosemwa bila maneno: jinsi mtu anavyoutumia wakati, umbali anaosimama kutoka kwa mwenzake, na kile anachokiacha bila kukitamka. Wamarekani walijitwika kazi ya kuwafunza watu wao lugha za kimya za wengine. Sisi tumewapeleka watoto wetu kwao kwa zaidi ya miaka sitini, na bado hatujaona haja ya kuwafunza ile ya kwao.

Kabla ya lugha hiyo, hebu tuitazame sheria, maana ndiyo inayoifanya lugha kuwa jambo la dharura. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi bewani kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea. Akihitimu, anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi inayohusiana na alichosomea, kibali kijulikanacho kwa herufi OPT, cha miezi 12. Aliyesomea sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa miezi 24. Lakini katika ile miezi 12 ya mwanzo, siku za kukaa bila kazi hazifai kuzidi 90 kwa jumla. Siku 90! Huo ni takriban muhula mmoja wa shule zetu. Mmarekani aliyeketi naye darasani anaweza kukaa nyumbani kwa wazazi mwaka mzima akijifunza kuhojiwa kwa kukosea na kurudia. Mwanafunzi wetu hana nafasi ya kujifunza kwa njia hiyo.

Anayetaka kubaki baada ya hapo huhitaji mwajiri atakayemwombea viza ya H-1B. Hizi hutolewa 65,000 kwa mwaka, pamoja na nyingine 20,000 kwa wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya huko, na kwa kuwa waombaji huzidi idadi hiyo kwa mbali, bahati nasibu ndiyo hukata shauri. Mnamo Septemba 2025 rais wa Marekani alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo. Mwezi uliofuata idara ya uhamiaji ikaeleza kwamba mwanafunzi aliye ndani ya nchi kihalali, anayebadilisha hadhi yake akiwa huko huko, hahusiki. Mambo haya hugeuka kama kusi na kaskazi, kwa hivyo kila kijana na akaulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwake kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: mwajiri anayemhoji mgeni anajua kwamba mgeni huyo atamgharimu zaidi ya mwenyeji. Je, kwa nini amchague? Ni lazima aambiwe sababu, na wa kumwambia ni mmoja tu.

Hapo ndipo malezi yetu yanapogongana na matarajio yao. Tumefunzwa kusema "tu". Kiambishi hicho kidogo cha nafsi ya kwanza wingi ndicho kimbilio la Mkenya mwenye adabu. Tulifanya, tulijenga, tulishinda. Hata mtu aliyeifanya kazi peke yake usiku kucha atasema asubuhi kwamba tumemaliza. Na akitaka kujificha zaidi, hukimbilia kauli ya kutendwa: iliamuliwa, ilifanyika, ikapatikana. Katika baraza la wazee usemi huo ni wa kupendeza. Katika chumba cha mahojiano cha Chicago au Atlanta, mhojaji humsikiliza msemaji wa namna hiyo na kujiuliza, basi huyu mwenyewe alifanya nini?

Tuseme kijana alikuwa mkutubi wa shule yake. Akiulizwa aeleze tatizo alilowahi kulitatua, atajibu kwa mtindo wetu: "Tulijitahidi kuiboresha maktaba yetu kwa ushirikiano wa walimu na wanafunzi." Hakuna ubaya katika sentensi hiyo, ila mhojaji hatakuwa na la kuandika. Alilotarajia kulisikia ni kama hili: "Nilipokabidhiwa maktaba, vitabu 200 vilikuwa vimeazimwa na havijulikani vilipo. Nilifungua daftari la kila darasa, nikawapa viongozi wa madarasa jukumu la kuyakagua kila Ijumaa, na kufikia mwisho wa mwaka vitabu 140 vilikuwa vimerudi." Kazi ni ile ile na kijana ni yule yule, lakini sasa ana uso. Waajiri wa huko wana desturi ya kuuliza maswali ya aina hii, yanayoanza kwa "nieleze kuhusu wakati ambapo", na vyuo vyao huwafunza wanafunzi kuyajibu kwa hatua nne: hali ilivyokuwa, jukumu lililokuwa mbele yako, kitendo chako mwenyewe, na matokeo yake. Mwanafunzi wao huanza kuzikariri mapema. Wetu huzisikia kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuketi kitini.

Nimekwisha kusikia wenzangu wakisema kwamba haya ni majivuno ya Kizungu na kwamba kumfundisha Mwafrika kujisifu ni kumwondolea utu. Kwa heshima zote, wenzangu hao wamesahau wanachokifundisha. Katika fasihi simulizi tunafundisha majigambo, au vivugo kama wengine wanavyoyaita. Tunawaambia wanafunzi kwamba majigambo ni utungo wa nafsi ya kwanza, kwamba hutungwa na kughanwa na mhusika mwenyewe, na kwamba hutaja matendo yake moja baada ya jingine, mahali yalipotendeka na waliomshuhudia. Wahima wa Ankole nchini Uganda wana tungo hizi, na Wanyarwanda pia. Shujaa hakusimama mbele ya mtawala wake na kusema "ilipiganwa". Alisema ni mkono upi ulioshika mkuki, na mto upi aliouvuka.

Kwa hivyo babu zetu walijua mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba kujisifu ovyo ni aibu, na kwamba kuna jukwaa maalumu ambapo mtu hudaiwa kuzitaja kazi zake kwa kinywa chake. Mahojiano ya kazi ya Kimarekani ni jukwaa la namna hiyo. Tofauti kubwa ni moja, nayo ni chuku. Mghani wa majigambo aliruhusiwa kuua simba saba kwa pumzi moja. Mwombaji wa kazi akiongeza hata simba mmoja, na wakaja kugundua, atafutwa hata baada ya kuajiriwa, kwa maana waajiri wengi huko huyachunguza yaliyoandikwa. Shida ya majigambo shuleni ni kwamba tumeyafanya kuwa maiti ya kupasuliwa. Mwanafunzi hutakiwa kutaja sifa tano za majigambo, akazitaja, akapata alama tano, na asitakiwe hata siku moja kusimama na kujigamba.

Nirudi kwenye karatasi. Wasifukazi tunaoufundisha huanza kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia, hali ya ndoa, dini na nambari ya kitambulisho. Huko mambo hayo yote huachwa nje, pamoja na picha. Sheria yao ya haki za raia ya 1964 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, dini, jinsia au asili ya mtu, na ile ya 1967 inawalinda wenye umri wa miaka 40 na zaidi, kwa hivyo mwajiri mwangalifu hataki hata kuyaona. Kwa mhitimu mpya ukurasa mmoja unatosha. Na ile sentensi yetu ya kufungia barua, kwamba nitashukuru mno iwapo ombi langu litafikiriwa kwa huruma, na iachwe hapa hapa. Mwajiri ana swali moja halali kwa mgeni, nalo ni kama ana ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi na kama atahitaji kudhaminiwa viza sasa au baadaye. Ajibiwe ukweli, bila kuzungukazunguka.

Lakini barua nzuri pekee haimfikishi mtu mbali, na hapa nakuja kwenye jambo linalowatatiza zaidi vijana waadilifu. Nchini mwetu neno "kujuana" linanuka. Tunaposema fulani alipata kazi kwa kujuana, tunamaanisha kwamba mwenye sifa alinyimwa kwa ajili ya mpwa wa mkubwa. Kijana aliyelelewa akiuchukia uozo huo akiambiwa na mshauri wake wa chuo amwandikie mtu asiyemjua, aombe dakika ishirini za kuzungumza naye juu ya kazi yake, hujihisi kama anayefunzwa ufisadi. Au huona haya, akadhani atachukuliwa kuwa mtu wa kujipendekeza.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mnamo 1973 juu ya wataalamu na mameneja wa mji wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadilisha kazi. Miongoni mwa waliozipata kazi hizo kupitia mtu waliyemjua, ni asilimia 16.7 tu waliosema kwamba walikuwa wakimwona mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walimwona mara moja moja, na 27.8 kwa nadra. Yaani waliowafaa zaidi hawakuwa ndugu wala marafiki wa chanda na pete. Walikuwa watu wa kujuana kwa mbali: mwenzake wa kazi ya zamani, mtu waliyekutana naye mkutanoni. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Rafiki yako wa karibu anajua unayoyajua wewe, ilhali yule wa mbali ana habari ambazo hazijakufikia. Kwa hiyo kijana anapoomba zile dakika ishirini, na aombe maarifa wala asiombe kazi. Aulize mtu huyo aliingiaje, siku yake huendaje, na ni jambo gani waombaji wengi hulikosea. Kesho yake aandike barua fupi ya shukrani. Barua hiyo, ambayo Mkenya angeiona kama kujikomba, kwao ni adabu ya kawaida, na hata baada ya mahojiano rasmi wengi huitarajia ndani ya siku moja.

Sitaki mtu adhani kwamba nawasifu Wamarekani kupita kiasi. Kujuana kwao nako kuna uvundo wake, ila umetiwa manukato. Mnamo 2012 mtafiti Lauren Rivera alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano 120 na waajiri wa mabenki, makampuni ya sheria na ya ushauri yenye hadhi kubwa. Alikuta kwamba waajiri hao mara nyingi waliwapendelea watu waliofanana nao hata katika michezo na burudani, na wakauita mvuto huo kufaana na utamaduni wa kampuni. Miaka minane kabla yake, wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walikuwa wamechapisha matokeo ya kutuma wasifukazi za kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago. Zilikuwa sawa kwa sifa, tofauti ikiwa majina. Zenye majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu, kama Emily na Greg, ziliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya zenye majina kama Lakisha na Jamal.

Je, Otieno, Wanjiku na Mwanaisha wafanye nini? Kuna wanaowashauri wajipachike jina la Kizungu kwenye karatasi. Mimi napinga. Anayekuajiri kwa jina lisilo lako atakuwa na la kukuuliza siku utakapofika. Lakini naona hekima katika kumsaidia mgeni kulitamka jina, kwa upole na bila kuomba radhi, na naona hekima zaidi katika kuwatafuta Wakenya na Waafrika waliotangulia katika kampuni hiyo, maana wao walikwisha kuupita mlango huo na wanajua unakwaruza wapi.

Tuchukulie basi kwamba kijana amepita na kuajiriwa. Atamkuta mkubwa wake, mwenye mvi, akimwambia amwite Bob. Atajaribu kumwita "bwana" na ataonekana kama anayejitenga. Asidhani hata hivyo kwamba jina hilo fupi limeondoa ukubwa. Bob akisema, "Labda ungefikiria kuitazama tena aya ya pili," hiyo ni amri, na aya hiyo iwe imebadilika kabla ya jioni. Vivyo hivyo, akisema kwamba kazi ni nzuri sana, asherehekee kwa kiasi, kwa sababu sifa huko hutolewa kwa wingi kama salamu, na aghalabu ukosoaji hufungwa katikati yake kama dawa chungu ndani ya asali. Kwenye mkutano, anayenyamaza kwa heshima hudhaniwa hana la kusema. Kusema "sijui, lakini nitatafuta na kukujibu kesho" si aibu huko. Aibu ni kuitikia "ndiyo" ya adabu kisha kazi isifike kwa wakati. Na awe mwangalifu na saa pia, kwani saa tatu ya nyumbani na saa tatu ya huko ni vitu viwili. Msicheke, huku kuchanganya kunatokea.

Kuna jambo zito zaidi ambalo tabasamu la Bob hulificha. Sheria yetu ya ajira ya 2007 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki kabla ya kumfuta mtu, na ampe nafasi ya kujieleza. Pia inampa mfanyakazi likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo, na mama aliyejifungua miezi mitatu kwa mshahara kamili. Huko, katika majimbo yote isipokuwa Montana, iliyotunga sheria yake mnamo 1987, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri anaweza kumwondoa mtu wakati wowote na bila kutoa sababu, mradi tu isiwe ile iliyoharamishwa kama ubaguzi, na mfanyakazi naye anaweza kuondoka vivyo hivyo. Hakuna sheria ya taifa zima inayowalazimisha waajiri wa makampuni binafsi kutoa likizo yenye malipo. Ile ya 1993 inatoa wiki 12 za dharura za kifamilia au za maradhi, bila malipo, tena kwa walio katika makampuni makubwa. Nchi tajiri kuliko zote, na mfanyakazi wake ana kinga chache kuliko karani wa Nakuru! Mgeni ambaye uhalali wa kuwako kwake umefungwa na kazi yake anahitaji kuyajua haya kabla ya kukodi nyumba kwa mkataba wa mwaka mzima.

Ndiyo maana naudhika ninaposikia kijana amekubali mshahara wa kwanza aliotajiwa, akashukuru na kutia sahihi papo hapo. Sisi ni watu wa sokoni. Mkenya atasimama Gikomba au Kongowea nusu saa akipunguziwa bei ya shati, ajifanye anaondoka, aitwe, arudi. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiulizwa bei ya jasho lake huinamisha macho. Mwajiri wa Marekani kwa kawaida hutaja kiasi akitarajia kwamba huenda kikajadiliwa. Majimbo kadhaa siku hizi humlazimisha kutangaza kiwango cha chini na cha juu cha mshahara katika tangazo lenyewe: Colorado tangu 2021, California, Washington na New York tangu 2023. Kijana na ausome mpaka huo, ashukuru kwa nafasi aliyopewa, aombe siku mbili za kutafakari, kisha arudi na kiasi chake na sababu zake. Sababu ziwe za kazi. Deni la nyumbani, hata likiwa zito namna gani, halimhusu Bob.

Walimu wenzangu watauliza, haya yote tuyatie wapi katika ratiba iliyokwisha kufurika? Siombi somo jipya. Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka wa 2017 na kuanza nchini kote 2019, unataja mawasiliano na kujiamini miongoni mwa umilisi wa kimsingi, kwa hivyo mlango umekwisha kufunguliwa. Tunapofundisha wasifukazi, tuwaonyeshe wanafunzi mifano miwili, wa hapa na wa ng'ambo, na tuwaulize kwa nini mmoja una dini na mwingine hauna. Tunapofundisha viambishi vya nafsi, tutenge dakika kumi kuzungumzia ni lini "tu" ni adabu na ni lini ni maficho. Na mwalimu wa fasihi simulizi atakapofika kwenye majigambo, aifunge ile orodha ya sifa tano, amsimamishe mwanafunzi mmoja mmoja mbele ya darasa, ampe dakika mbili za kughani jambo moja la kweli alilolitenda mwaka huu, na wenzake waliolishuhudia wawe mashahidi wake. Atakayetia chuku wamzomee. Atakayeanza kwa "tuli-" arudi kitini, afikiri, aanze upya.